Kindege Kisicho na Ubishi

Njooni, wapwa zangu, msogee karibu. Leo nina habari za kindege kisicho na ubishi.

Kindege gani? Kile kinachorushwa kwa redio ya mkononi. Rubani amesimama uwanjani, kindege kiko juu. Kwa miaka mingi kanuni za mashindano ya dunia zimekiwekea mipaka: urefu usizidi mita 2, upana wa mabawa usizidi mita 2, uzito usizidi kilo 5. Si kidogo hivyo, eh? Na kazi yake ni sarakasi. Kinapiga duara kubwa angani. Kinajibiringisha. Kinaruka tumbo juu. Kinalala ubavu na bado kinasonga mbele. Chini wameketi waamuzi, wanatoa alama 0 hadi 10 kwa kila mchezo. Mstari ukipinda, alama zinapungua.

"Mjomba, si bora kindege kinachojinyoosha chenyewe?"

Hilo ni swali la mtu anayefikiri! Chukueni gololi, muitie ndani ya sufuria. Isukumeni. Inapanda ukingoni, kisha inarudi katikati, sivyo? Kindege cha mwanafunzi kiko hivyo. Ukikiinamisha, kinataka kurudi sawa. Sasa ipindueni sufuria, muiweke gololi juu ya kitako chake. Ukiigusa tu, imeanguka. Kindege cha namna hiyo hakifai kwa yeyote. Mwisho iwekeni gololi kwenye sakafu tambarare ya ua. Ukiipeleka hapa, inakaa hapa. Ukiipeleka pale, inakaa pale. Hicho ndicho kindege cha sarakasi. Kingekuwa na kinywa kingemwambia rubani: "Nielekeze, nitaelekea. Niache, sitageuka."

"Lakini kinawezaje kuwa hivyo?"

Tuanze na bawa. Bawa la kindege cha mwanafunzi mara nyingi lina mgongo uliotuna na tumbo bapa. Kikiwa sawa, linakibeba vizuri. Kikipinduka, taabu! Rubani lazima ainue sana pua ya kindege ndipo kisishuke. Bawa la sarakasi limetuna sawasawa juu na chini. Halijui mgongo wala tumbo. Kisha bawa na mkia hupangwa karibu katika mwelekeo mmoja, bila kimoja kutazama juu na kingine kutazama chini. Hapo kindege kinasema, "Nipindue upendavyo. Nielekeze, nitaelekea. Niache, sitageuka."

Halafu uzito. Hapa ndipo wabunifu hukesha, na mimi nawaelewa kabisa. Pua ikiwa nzito, kindege ni kitulivu, lakini kikiruka tumbo juu kinainamisha pua, na rubani lazima aishikilie juu muda wote. Mkia ukiwa mzito, kinashtuka kwa kila mguso, na kikipinduka huweza kuanza kupanda chenyewe.

"Mtu anajuaje kama uzito umekaa mahali pake?"

Anakiuliza chenyewe! Anakipandisha mshazari, digrii 45. Anakipindua tumbo juu, kisha anaachia vidole. Pua ikishuka haraka, mbele kumezidi uzito. Ikijiinua, nyuma kumezidi. Mstari ukiendelea kunyooka kwa kitambo, ameshapata. Ikiwa bado, anakitua na kuisogeza betri kidogo tu, pengine upana wa kucha, na kukirusha tena. Hata hivyo mbunifu mwenye busara hafuti utulivu wote. Ile sakafu ya ua anaiachia mteremko mdogo mno kuelekea katikati, usioonekana kwa macho. Bila huo, rubani hapumziki hata nukta moja.

Sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote: kuruka ubavu. Bawa moja linatazama ardhi, jingine linatazama mawingu. Nani anakibeba kindege wakati huo?

"Hakuna! Kitaanguka!"

Mmefikiri vizuri, maana mabawa kweli hayasaidii tena. Ni ubavu wa kiwiliwili unaokibeba. Ndiyo maana vindege hivi siku hizi vina viwiliwili virefu kwenda juu, kama vimevimba. Rubani anasukuma usukani wa mkia ili pua ibaki juu kidogo. Na hapo ubishi hujitokeza. Ncha za mabawa zikiwa zimeinuliwa mno, kindege kinajigeuza kurudi sawa. Zikiwa zimeinuliwa kidogo kuliko inavyotakiwa, kinajibiringisha kuelekea tumbo juu. Katikati ya hayo mawili kuna pembe moja ambapo kinatulia. Mbunifu anaitafuta hiyo.

Kuna mchokozi mwingine, propela. Inazunguka upande mmoja, upepo wake unazunguka nao na kupiga mkia, pua inavutwa kushoto. Wengi huigeuza mota kidogo kuelekea kulia ili kufidia. Wengine hufunga propela mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazozunguka kinyume, na uchokozi huisha karibu wote.

"Mjomba, si redio yenyewe ingerekebisha haya yote?"

Redio za leo zinaweza kurekebisha mengi, ni kweli. Lakini mwaka 1967 Mmarekani Phil Kraft alitwaa ubingwa wa dunia kwa kindege chake Kwik-Fli, chenye umbo la kawaida kabisa na bawa lililotuna sawa juu na chini, wakati redio hazikuwa na kompyuta ndani. Naye alikuwa mtengenezaji wa redio! Kwa maoni yangu, kilichowekwa sawa kwenye mbao hakihitaji kufichwa na redio.

Basi mkiunda kindege chenu, hata cha boksi, kirusheni uwanja wa wazi, mbali na watu na nyaya za umeme, mtu mzima akiwapo. Badilisheni kitu kimoja tu kila mnapokirusha, na mwandike daftarini kilichotokea. Mkibadilisha viwili kwa pamoja, hamtajua kipi kimeponya ubishi.