Kahawa Yenye Miguu

Mgeni apandaye mto Ozi kutoka Kipini hata Kau, kisha akauliza mkahawa u wapi, aghalabu ataambiwa angoje magharibi isaliwe. Kwani katika miji yetu ya pwani, toka Lamu hata Mombasa na Unguja, kahawa haikujengewa nyumba sana, ilipewa miguu ikawafuata watu barazani walikoketi.

Ulaya mambo yaligeuka, ila kisa chenyewe chaanzia Arabuni. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Bey, alijaribu kuiharimisha kahawa, akichelea pamoja na kinywaji yale mazungumzo ya wanywaji, wala hakufaulu. Katikati ya karne hiyo Istanbul ilikwisha kuwa na nyumba za kahawa, na desturi ikavuka bahari. Paris ikapata Procope mwaka 1686, Venice ikapata Florian mwaka 1720. Na Vienna, mji uliozingirwa na Waturuki mwaka 1683, ukampa Johannes Diodato, Muarmeni, ruhusa ya kuuza kahawa mwaka 1685. (Wenyeji hupenda zaidi kisa cha magunia yaliyoachwa na jeshi lililokimbia, kisa kitamu, na utamu ndio shahidi wake wa pekee.) Huko kahawa ikavishwa kuta na meza za marumaru, duka la Demel, lililoanza mwaka 1786, likapeleka keki zake kasrini kwa Kaizari, na katika Café Central, iliyofunguliwa mwaka 1876, mtu aliweza kushinda mchana kutwa kwa kikombe kimoja na bilauri ya maji, akisoma magazeti, asiulizwe neno. Hilo la kutoulizwa nalihusudu.

Amma kwetu, tazama duka zima lichukuliwavyo na mtu mmoja. Mkono huu ana dele la shaba, mdomo umechongoka kama wa ndege wa mtoni, na jiko dogo la makaa chini yake. Mkono wa pili ana finjani zisizo na vipini, azigonganishazo zikalia, asihitaji ubao wa jina. Kahawa ni tungu, haina sukari, pengine ina tangawizi, na utungu huo ndio udaio kashata ya nazi au kipande cha halua. Halua nayo, tuliyoletewa kutoka Oman, ni wanga, sukari, samli na iliki, ikisongwa kwa mwiko mrefu saa nyingi, maana mkono ukipumzika chini huungua. Mpishi huijua imeiva inapoachana na sufuria na samli ikachomoza pembeni.

Huku Ozi utamu huanzia kondeni. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, uliuvuta mto hata Tana ukaja kutokea Kipini. Na nchi hii ya mafuriko ni nchi ya mpunga, ambao vyombo vya Lamu vilikuwa vikija kuuchukua. Mchele ukilowekwa usiku, ukasagwa kwa tui, ukatiwa hamira na iliki, asubuhi ni vitumbua, au mkate wa sinia uliopanda vitundu-vitundu, wa kuliwa ungali moto. Na kwa mkate huo sitaki keki ya Kaizari.

Mnywaji akimaliza, muuzaji huisuuza finjani katika kopo la maji, akammiminia afuataye, awe nahodha au mchukuzi, kisha huinua dele lake, na kitambo kidogo ule mlio huusikia mtaa wa pili.