Mkono Unatetemeka Wakati Gani?

Chukulia mzee wa Magara, Burundi, anayeshona nyavu za ndagala. Mkono ukiwa umelala pajani, umetulia kabisa. Akiinua sindano kuelekea kwenye tundu la wavu unaanza kutetemeka, na kadiri anavyolikaribia fundo ndivyo unavyozidi. Majirani wakiona hivyo husema ni pombe, au karogwa.

Swali la kwanza liwe hili: unatetemeka wakati gani?

Mkono unaotetemeka ukiwa kazini, kwenye kikombe, kalamu au kifungo cha shati, mara nyingi ni wa mtetemeko wa kurithi. Ndio ulioenea zaidi, na aghalabu baba au shangazi naye alikuwa nao. Huzidi polepole kwa miaka mingi. Una mtego mmoja mbaya: glasi ya pombe huutuliza kwa muda mfupi, kisha unarudi, pengine kwa nguvu zaidi. Mtu anayekunywa ili aweze kushika sindano anaishia kuitwa mlevi, na hakuna anayemuuliza kilichoanza ni kipi. Hilo linaniuma.

Ugonjwa aliouelezea daktari James Parkinson wa London mwaka 1817 huwa kinyume chake. Mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, kwa kawaida upande mmoja kwanza, kidole gumba kikisugua cha shahada kama cha mtu anayevuta tasbihi. Hatua hufupika, mwili hukakamaa, mwandiko husinyaa. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakuwa zinakufa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000 wakakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Si kila mtetemeko ni mmojawapo wa hiyo miwili. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio na mwili hukonda. Sukari ikishuka kwa anayechoma insulini, hutetemeka na kutoka jasho. Huyo apewe kitu chenye sukari papo hapo. Dawa nazo zimo: salbutamoli ya pumu, metoklopramidi ya kuzuia kutapika, haloperidoli. Kwa hiyo nenda kituo cha afya na dawa zako zote mfukoni, na mwombe kijana akupige video kwa simu ukimimina chai, kisha ukiwa umekaa tu.

Mtetemeko wa kurithi hupunguzwa na propranololi, lakini mwenye pumu asiiguse. Ugonjwa wa Parkinson hutibiwa kwa levodopa pamoja na kabidopa, dawa zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mbegu za upupu zina levodopa pia, ni kweli, ila kipimo chake hubadilika mbegu kwa mbegu, basi usijichemshie nyumbani. Anayetumia levodopa asiiache ghafla.

Nyumbani, egemeza viwiko mezani au vibane mbavuni. Kikombe kiwe kizito na kijazwe nusu, kishikwe kwa mikono miwili, au unywe kwa mrija. Uchovu na wasiwasi huuzidisha mtetemeko, kwa hiyo anayekula nawe asikukodolee macho.

Mtetemeko ukianza ghafla, ukifuatana na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au mguu kukosa nguvu, usisubiri kesho: panda gari saa hiyohiyo uende hospitali; kwa aliye Magara, ni kusini Rumonge au kaskazini Bujumbura.