Nyumba ya kiunzi cha mbao yaweza kukupunguzia maradhi

Ukimwambia jirani kwamba unajenga nyumba ya mbao, huenda akakuhurumia. Wengi wetu twaamini kwamba nyumba kama hiyo ni ya mtu aliyeshindwa kujenga ya mawe. Kwa sababu hiyo utaipata familia ikikaa miaka kumi katika nyumba ya udongo yenye sakafu ya vumbi, huku mawe yamerundikwa uani yakingojea pesa za simiti. Miaka hiyo kumi ndiyo watoto wanayokulia humo, wakikohoa na kuchokolewa funza.

Mimi ni daktari, si mwashi. Lakini maradhi mengi yanayoletwa kwa daktari chanzo chake ni nyumba: nimonia, pumu, malaria, funza, homa ya papasi na majeraha ya moto. Dawa haitakufaa sana ikiwa utarudi kulala palepale palipokutia ugonjwa. Hivyo basi, msomaji, leo tuiangalie nyumba ya kiunzi cha mbao kwa jicho la afya, faida zake pamoja na hatari zake.

Kiunzi ni nini?

Nyumba ya kiunzi si kibanda cha mbao zilizopigiliwa ovyo. Ni nyumba ambayo uzito wake wote hubebwa na mifupa ya mbao. Juu ya msingi hulazwa mbao nene. Juu ya mbao hizo husimamishwa nguzo ndogo, moja kila baada ya sentimita 40 hadi 60. Vichwa vya nguzo hufungwa pamoja kwa mbao nyingine, na pembeni hutiwa mbao za mshazari ili nyumba isiyumbe. Kisha kenchi za paa huwekwa juu. Ukuta ni kama ngozi tu juu ya mifupa hiyo.

Mwenyeji wa pwani hahitaji kufunzwa jambo hili. Nyumba ya nguzo, fito na udongo ni nyumba ya kiunzi. Hata katika nyumba za mawe za Lamu, dari zilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Baridi na unyevu

Wakazi wa Kinangop, Limuru, Molo na Nyahururu wanaijua baridi ya Julai. Watu husema baridi huleta nimonia. La, nimonia huletwa na viini. Lakini baridi huwafanya watu wafunge madirisha, walale wengi chumba kimoja na kuingiza jiko la makaa ndani. Viini na moshi hupata nafasi hapo. Isitoshe, mtoto mchanga hupoteza joto la mwili haraka, na kwa mzee baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Katika mwongozo wake wa makazi wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango salama cha joto la ndani kwa wakazi wa sehemu zenye majira ya baridi.

Mbao hupitisha joto polepole, takriban mara kumi chini ya zege. Ubao wa inchi moja peke yake huzuia joto karibu sawa na ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 20. Hata hivyo, ubao mmoja wenye nyufa hautakusaidia, kwani upepo utapita. Faida kamili hupatikana ukiwa na ngozi mbili: mbao za nje, na mbao nyingine ndani, katikati kukiwa na nafasi ya hewa. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo blanketi la nyumba. Dari nayo ni lazima, kwa maana joto hupanda na mabati hulitupa nje usiku kucha.

Jambo jingine ni unyevu. Zege na plasta mpya huwa na maji mengi ambayo huchukua miezi kukauka. Familia zenye haraka huhamia kabla ya wakati, na baada ya muda kuvu nyeusi huonekana pembeni mwa kuta. Vumbi la kuvu hiyo huwasha mapafu na kumchochea mgonjwa wa pumu. Nyumba ya mbao zilizokaushwa vizuri huwa kavu tangu siku ya kwanza.

Funza, papasi na mbu

Funza ni kiroboto jike anayejichimbia katika ngozi, hasa ya miguu, ili atage mayai. Huyu huzaana katika vumbi kavu la sakafu ya udongo. Papasi, yule kupe laini anayeambukiza homa ya kurudiarudia, hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na usiku hutoka kunyonya damu. Wote wawili huishi kwa sababu sakafu ni ya mchanga na vumbi.

Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, sentimita 45 hivi kutoka ardhini, huwanyang'anya makao hayo. Hewa hupita chini, mbao hukaa kavu, na mama huweza kufagia na kupiga deki. Angalia tu mbao ziungane vizuri, maana vumbi likijaa katika nyufa utakuwa umemjengea kiroboto nyumba nyingine. Pia usiruhusu mbuzi na kuku walale chini ya sakafu hiyo.

Mbu wa malaria, kwa upande wake, aghalabu huingia kupitia ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Katika nyumba ya kiunzi ni rahisi kuuziba kwa dari, na kupigilia wavu kwenye madirisha na matundu ya hewa. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga nchini Tanzania, watafiti walijenga nyumba 6 za mfano zenye kuta nyepesi za mbao, mianzi na nyavu za kivuli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: zilikuwa na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za hapo, na mbu walipungua sana, hasa katika zile za ghorofa. Kwa hiyo mkazi wa sehemu za joto pia anafaidika, mradi kuta ziachiwe nafasi ya kupitisha upepo. Hata hivyo, chandarua usikiache.

Ardhi ikitikisika

Bonde la Ufa si mahali palipolala. Mnamo Januari 6, 1928, tetemeko kubwa lilipiga Subukia. Septemba 10, 2016, tetemeko jingine lilipiga Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, na kuua watu zaidi ya 15. Katika tetemeko, kinachoua kwa kawaida ni kuta na paa zinazoangukia watu. Mbao za msonobari zina uzito wa kilo 500 hivi kwa mita moja ya ujazo, ilhali zege ina kilo 2,400. Kiunzi kilichofungwa vizuri hupinda na kurudi, wakati ukuta wa matofali usio na nondo hupasuka na kuporomoka.

Hatari ya kwanza: hewa ya jiko

Kadiri nyumba inavyozuia baridi ndivyo inavyozuia na hewa safi. Jiko la makaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Gesi hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu na kutapika. Aliyelala huenda asiamke tena. Usiingize jiko la makaa katika chumba cha kulala, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu. Ukiwakuta watu katika hali hiyo, wazime jiko wenye nguvu, fungua milango, watoe nje wote na uwakimbize hospitali.

Moshi wa kuni nao si mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Jenga jikoni kando, au likiwa ndani liwe na dohani linalotoka juu ya paa.

Hatari ya pili: moto

Mbao huwaka, hilo hatulifichi. Ila unene wake una maana kubwa. Nguzo nene huungua polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, na ule mkaa wa nje huikinga sehemu ya ndani. Vibao vyembamba huwaka kama karatasi. Koroboi, mshumaa uliowekwa juu ya meza ya mbao, na nyaya za umeme zilizounganishwa na mtu asiyehitimu ndivyo adui wakubwa. Weka milango miwili ya kutokea, na madirisha ya vyumba vya watoto yasiwe na vyuma visivyofunguka kutoka ndani.

Hatari ya tatu: dawa za mbao

Mchwa na kuoza ndio wanaoangusha nyumba za mbao, na ndiyo sababu mbao hutiwa dawa. Ile inayozipa rangi ya kijani mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nchini Marekani, dawa hiyo iliacha kutumiwa kwa mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa 2003. Kaa mbali nayo katika meza ya kulia, kitanda cha mtoto au ubao wa kukatia mboga. Iwe ya nguzo za nje na zile zinazogusa msingi. Zaidi ya yote, mabaki yake yasitumiwe kama kuni, wala unga wake usitandikwe katika banda la kuku. Moshi wake na majivu yake yana sumu ileile.

Zamani watu walimwaga aldrini na dieldrini chini ya misingi ili kuua mchwa. Hizo ni miongoni mwa sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa kuwa hazitoweki upesi na hujikusanya katika mafuta ya mwili. Mtu akikuuzia chupa isiyo na jina akidai ni "ile dawa ya zamani kali", usiinunue.

Mbao za kubandikwa kwa gundi, kama plaiwudi na chipubodi, hutoa formaldehaidi zikiwa mpya. Gesi hii huwasha macho na koo, na mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliitambua kuwa kisababishi cha saratani. Acha madirisha wazi kwa majuma kadhaa kabla ya kulaza watoto humo. Fundi naye ajikinge: unga wa mbao huweza kuleta pumu, na kwa muda mrefu saratani ya pua. Afunike pua na mdomo anaposaga na kupiga msasa.

Ya kumwambia fundi

1. Mbao zikaushwe kabla ya kujenga. Mbao mbichi hujikunja, huacha nyufa na huoza.

2. Msingi uwe wa mawe au zege, juu ya usawa wa ardhi, na mbao zisiguse udongo kamwe. Mkato wa bati kati ya msingi na mbao humlazimisha mchwa ajenge njia yake mahali utakapoiona.

3. Paa litokeze mbele ya ukuta kiasi cha sentimita 60, ili mvua isizipige mbao.

4. Pembe zote ziwe na mbao za mshazari, na kenchi zifungwe kwa ukanda wa chuma, si misumari peke yake.

5. Kila chumba kiwe na madirisha ya kufunguka na matundu ya hewa yenye wavu.

6. Nyufa za ndani zizibwe, la sivyo kunguni watahamia kabla yako.

7. Ramani ipitishwe na ofisi ya ujenzi ya kaunti yako kabla ya kuchimba msingi.

Nyumba ya mawe iliyojengwa vizuri ni nzuri, na mwenye uwezo wa kuimaliza mwaka huu aimalize. Lakini ikiwa fedha zako zinatosha nyumba ndogo ya mbao leo, na ya mawe ni ndoto ya mwaka wa kumi, wafikirie mapema wale walao vumbi la sakafu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuahirisha kupumua. Vyumba viwili vya kiunzi, vyenye sakafu kavu, dari na madirisha, vitamkinga sasa. Tena kiunzi kina subira: chumba cha tatu chaweza kuongezwa baadaye bila kubomoa viwili vya kwanza.