Marine bila vifaru: Kikosi cha Marekani chajipanga upya, hoja bado yaendelea

Kwa karibu karne nzima, kikosi cha Marine cha Marekani kilikuwa na vifaru vyake chenyewe. Vilishuka nacho katika fukwe za visiwa vya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, vikaingia nacho katika mji wa Hue nchini Vietnam mwaka 1968, na vikakifungulia njia katika mitaa ya Fallujah, Iraq, mwaka 2004. Leo kikosi hicho hakina hata kifaru kimoja. Vimeondolewa vyote, na sehemu kubwa ya mizinga yake imeondolewa pia.

Uamuzi huo ulitangazwa mwezi Machi mwaka 2020, na tangu hapo umezusha mabishano ya hadharani ambayo si kawaida kuyasikia miongoni mwa majenerali wa Marekani. Kwa juu juu, hoja ni ya silaha: je, zama za kifaru na mzinga zimekwisha? Lakini ukiyafuatilia mabishano yenyewe, utaona kwamba swali la msingi ni jingine. Kikosi hiki kipo kwa kazi gani, na kitafikaje mahali pa kazi?

Si mabaharia, wala si jeshi la nchi kavu

Kikosi cha Marine kiliundwa mwaka 1775. Kimo chini ya wizara moja na jeshi la majini, lakini askari wake si mabaharia. Ni askari wa miguu, wa mizinga na wa ndege wanaosafiri kwa meli ili washuke katika pwani ya adui, au wakimbilie mahali palipozuka dharura. Sifa yake kubwa ilitokana na vita vya visiwa dhidi ya Japani. Huko Tarawa, mwezi Novemba 1943, mapambano ya siku tatu na ushei juu ya kisiwa kimoja kidogo yaliwaua askari wa Marine wapatao 1,000.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kikosi hicho kilitumia karibu miaka 20 nchini Iraq na Afghanistan, katika vita vilivyopiganwa mbali na bahari. Mwaka 2010 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Robert Gates, aliagiza kazi ya kikosi hicho ipitiwe upya, huku kukiwa na wasiwasi kwamba kimegeuka kuwa jeshi la pili la nchi kavu.

Wakati huo huo, China ilikuwa ikijenga jeshi kubwa la majini na kuunda makombora ya masafa marefu yanayoweza kupiga meli na kambi za Marekani katika Pasifiki ya magharibi. Mwaka 2018 mkakati wa ulinzi wa Marekani ulitamka kuwa ushindani na mataifa makubwa, China na Urusi, ndio utakaopewa uzito kuliko vita dhidi ya ugaidi. Jenerali David Berger, aliyeshika uongozi wa Marine mwezi Julai 2019, aliuchukua mkakati huo kuwa amri ya kukibadili kikosi chake kutoka mizizi.

Kilichoondolewa na kilichoongezwa

Mpango wake wa mwaka 2020 ulikuwa na shabaha ya mwaka 2030. Batalioni zote tatu za vifaru zilivunjwa, pamoja na kombania zote za kujenga madaraja ya kuvushia magari mazito. Kombania za mizinga ya mtutu zilipangwa kupungua kutoka 21 hadi 5, na batalioni za askari wa miguu kutoka 24 hadi 21. Baadhi ya vikosi vya helikopta vilifutwa. Kwa jumla kikosi kilichokuwa na askari wapatao 186,000 kilitakiwa kupunguza 12,000.

Upande wa pili wa daftari, kombania za kurusha roketi na makombora zilipangwa kuongezeka kutoka 7 hadi 21, na vikosi vya ndege zisizo na rubani kutoka 3 hadi 6. Jenerali Berger hakuomba fedha za ziada. Alisema kipya kitanunuliwa kwa akiba itakayotokana na kuacha cha zamani.

Kiini cha muundo mpya ni rejimenti za pwani, kila moja ikiwa na askari wapatao 2,000. Ya kwanza ilizinduliwa Hawaii mwezi Machi 2022, na ya pili katika kisiwa cha Okinawa, Japani, mwezi Novemba 2023. Askari hao watatawanyika katika visiwa kwa vikundi vidogo, wakae bila kuonekana, wachunguze kwa rada nani anapita baharini, kisha wapige meli za adui au wawaelekeze wengine wazipige. Silaha yao kuu ni gari dogo lisilo na dereva, lenye makombora mawili ya kupiga meli yaliyobuniwa Norway, yanayofika zaidi ya kilomita 180.

Ukiitazama kazi hiyo, sababu ya kukiacha kifaru inaeleweka bila shida. Kifaru cha Abrams kina uzito unaozidi tani 60, na tangi lake hubeba takriban lita 1,900 za mafuta. Kukifikisha kisiwani kunahitaji meli kubwa. Kukiweka kisiwani kunahitaji barabara, mafundi na shehena za mafuta, na vyote hivyo huonekana kutoka angani. Zaidi ya hayo, kifaru hakiwezi kuizamisha manowari iliyo umbali wa kilomita 100. Mzinga nao, unaofikisha risasi zake kati ya kilomita 24 na 40 kwa kutegemea aina ya risasi, una upungufu huo huo. Kwa hiyo hakuna aliyesema kwamba silaha hizo hazifai popote. Kilichosemwa ni kwamba hazifai kwa kazi hii, na kwamba Marekani bado ina jeshi kubwa la nchi kavu lenye maelfu ya vifaru.

Upinzani wa wazee wa kikosi

Majenerali wastaafu zaidi ya 20 waliupinga mpango huo, akiwemo Charles Krulak, aliyewahi kukiongoza kikosi cha Marine, na Paul Van Riper. Seneta wa zamani Jim Webb, aliyepigana Vietnam akiwa Marine na baadaye akawa waziri wa jeshi la majini, naye alijiunga nao. Hoja zao ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba kikosi kilichojulikana kwa kuwa tayari kwenda popote kimefungwa kwa adui mmoja na bahari moja. Vita vijavyo huenda visije pale vinapongojewa.

Ya pili ni kwamba nguvu ya Marine ilikuwa katika kuunganisha silaha zake zote chini ya kamanda mmoja: askari wa miguu, kifaru, mzinga na ndege. Anayeazima vifaru kutoka jeshi jingine hupata mashine, lakini hapati mazoea ya kufanya kazi pamoja, ambayo hujengwa kwa miaka mingi ya mazoezi.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja: usiache mbachao kwa msala upitao. Vifaru viliondoka katika muda usiotimia miaka miwili. Makombora mapya, rada mpya na meli mpya vilipangiwa miaka 10. Katikati hapo kuna pengo, na hakuna aliyeweza kumwomba adui asubiri mpaka lizibwe.

Ushahidi wa vita vya karibuni

Vita vya Ukraine, vilivyopanuka mwezi Februari 2022, vimekuwa kama kitabu ambacho kila upande husoma ukurasa unaoupenda. Waliounga mkono mabadiliko walionyesha maelfu ya vifaru vilivyoteketezwa, na manowari ya Urusi, Moskva, iliyozama Aprili 2022 baada ya kupigwa na makombora yaliyorushwa kutoka nchi kavu. Marekani iliipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams, na mwaka 2024 maofisa wa Marekani walieleza kuwa vilikuwa vimerudishwa nyuma ya mstari wa mbele kwa sababu ya ndege zisizo na rubani. Wapinzani nao waliuliza: ikiwa mzinga umepitwa na wakati, mbona nchi hizo mbili zimefyatua mamilioni ya risasi za mizinga, na mbona kila siku Ukraine inaomba nyingine?

Karibu zaidi na mwambao wetu, Wahouthi wa Yemen walianza mwezi Novemba 2023 kushambulia meli za biashara katika Bahari ya Shamu na mlango wa Bab el-Mandeb. Hawakuwa na jeshi la majini la kutajwa. Walikuwa na makombora na ndege zisizo na rubani, vilivyorushwa kutoka pwani na kufichwa tena. Meli ya mizigo Rubymar ilizama mwezi Machi 2024, na mabaharia watatu wakauawa mwezi huo huo katika meli ya True Confidence. Kampuni kubwa za meli zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu zaidi kwa siku nyingi. Hapo ulimwengu uliona kwamba kundi lililo nchi kavu linaweza kuitia hofu bahari nzima. Ndilo wazo lile lile la Jenerali Berger, ila limetekelezwa na wapinzani wa Marekani.

Tofauti moja ni muhimu. Wahouthi walikuwa kwao. Hawakuhitaji meli ya kuwafikisha, wala ruhusa ya mtu.

Meli na ruhusa

Hapo ndipo mpango wa Marine unapobanwa. Kusambaza askari visiwani kunataka meli ndogo ziwezazo kutua ufukweni, na kikosi kilisema kinahitaji 35. Mradi huo ulicheleweshwa mara kwa mara. Mwezi Desemba 2024 zabuni yake ilifutwa kwa sababu bei zilizotolewa zilikuwa juu mno, na baadaye jeshi la majini likageukia muundo ulio tayari wa kampuni ya Kiholanzi, Damen.

Meli kubwa nazo hazitoshi. Sheria inataka ziwepo zisizopungua 31, lakini ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya Desemba 2024 ilionyesha kuwa nusu ya meli hizo zilikuwa katika hali mbaya. Vita vilipozuka Khartoum mwezi Aprili 2023 na raia wa nchi nyingi wakawa wanatafuta njia ya kutoka Sudan, hapakuwa na kundi la Marine lililokuwa karibu juu ya meli zake. Jenerali Berger mwenyewe aliliambia Bunge kwamba alisikitika kukosa la kutoa.

Ruhusa ni jambo la pili. Visiwa ambavyo askari hao wangejificha vina wenyewe. Ufilipino imekubali Marekani itumie kambi 9 nchini humo, na katika mazoezi ya mwaka 2025 gari la makombora la Marine lilipelekwa Batanes, visiwa vya kaskazini kabisa vinavyoikabili Taiwan. Okinawa, wakazi wengi kwa miaka mingi wamezipinga kambi za Marekani. Hao wanakumbuka mwaka 1945, ambapo makumi ya maelfu ya raia walikufa kisiwani mwao. Makombora yanayokaa jirani na kijiji cha wavuvi humlinda mvuvi, na papo hapo humfanya awe shabaha.

Usiku wa Manda

Kuna tukio moja la huku kwetu linaloonyesha ugumu wa kuchagua vita mapema. Alfajiri ya Januari 5, 2020, miezi miwili kabla mpango haujatangazwa, wapiganaji wa Al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege. Waliofika kuwakabili walikuwemo makomando wa Marine waliokuwa katika kambi ya Simba, umbali wa karibu kilomita moja na nusu. Kifaru hakikuhitajika usiku ule, wala kombora la kupiga manowari. Walihitajika askari waliofunzwa, na waliokuwa karibu.

Kila upande unaweza kulitumia tukio hilo. Watetezi wa mpango watasema vikundi vidogo vilivyo mbele ndivyo vinavyofaa. Wapinzani watasema dharura haikutokea Pasifiki.

Mpango wenyewe umelegezwa kidogo. Kombania za mizinga zitakazobaki ni 7, si 5. Jenerali Eric Smith, aliyerithi uongozi mwaka 2023, ameendelea na njia ile ile, huku neno 2030 likiondolewa katika jina la mpango kuonyesha kwamba mabadiliko hayana tarehe ya mwisho. Vifaru havikurudi.

Kwa nchi zenye pwani ndefu na bajeti ndogo, Kenya na Tanzania zikiwemo, somo si kuiga wala kucheka. Kifaru kitaendelea kuwa na kazi yake penye nchi kavu pana na barabara, na mzinga utaendelea kunguruma mahali ambapo majeshi mawili yametazamana. Swali la kuulizwa kabla ya kununua au kuacha silaha yoyote ni lile ambalo Marine wamelipata kwa gharama kubwa: nani ataibeba, itapita wapi, na mwenye ardhi amekubali? Mwaka 2020 Marekani ilijibu haraka swali la nini kiachwe. Maswali haya matatu bado inayatafutia majibu.