Mbebwa Hujikaza: Tunajifunza Nini kwa Watoto wa Wanasoka?



Jumapili moja baada ya Misa ya pili hapa Zuzu, vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya mpira ya vigango walitujia na lalamiko. Mwenzao aliyefanya mazoezi tangu mwanzo alikuwa ameachwa nje ya kikosi, na nafasi yake amepewa mtoto wa mzee mmoja aliyejitolea kununua jezi. Mmoja wao akatuuliza, “Padre, hata kwenye mpira wa parokia lazima uwe mtoto wa fulani?”

Swali hilo lilikuwa pana kuliko mpira. Tangu Serikali ihamie Dodoma, vijana wetu wengi wameshika njia ya mjini, wakiwa na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, wakienda kwenye usaili. Wanaporudi bila kazi, neno moja huwa midomoni mwao: koneksheni. Wapo wanaoacha hata kuomba kazi, kwa kuwa wanaamini matokeo yamekwisha kupangwa mezani kwa mtu. Tunaona ni vema tulitafakari jambo hili kwa kuanzia pale vijana walipoanzia, yaani uwanjani.

Baba alicheza, mwana naye acheza

Majirani zetu wa Kenya wanatupa mifano iliyo wazi. Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards ya Nairobi. Mwanawe McDonald Mariga alifika Inter Milan ya Italia mwaka 2010, na mwaka huohuo klabu hiyo ikatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mdogo wake, Victor Wanyama, aliifungia Celtic ya Uskoti bao dhidi ya Barcelona mwezi Novemba 2012, na mwaka 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Mike Okoth Origi naye alikuwa mshambuliaji wa Kenya aliyekwenda kucheza Ubelgiji, akatwaa ubingwa wa nchi hiyo na Genk mwaka 1999. Hiyo ndiyo klabu ambayo Mtanzania mwenzetu Mbwana Samatta alitwaa nayo ubingwa huohuo mwaka 2019. Mwana wa Okoth, Divock, alizaliwa Ostend mwaka 1995 na kulelewa katika shule ya soka ya Genk. Kaka wa Okoth, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Watu wakitazama ukoo wa namna hiyo husema maji hufuata mkondo, na wengine hunong’ona kwamba wamebebwa.

Tuukumbuke usiku wa tarehe 1 Juni 2019 mjini Madrid, Liverpool ilipokutana na Tottenham katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Divock Origi alianzia benchi, akaingia kipindi cha pili na kufunga bao la pili la Liverpool. Upande wa Tottenham, Victor Wanyama alikuwa mmoja wa wachezaji wa klabu hiyo. Lakini katika Liverpool hiyohiyo alikuwapo pia Sadio Mané, mtoto wa imamu wa kijiji cha Bambali nchini Senegal. Mané alifiwa na baba akiwa mdogo, hakuwa na mwanasoka wa kumtangulia nyumbani, na alitoroka kwao akiwa kijana ili aende Dakar kujaribiwa. Watoto wa wachezaji na mtoto wa imamu walifika usiku uleule kwa njia zilizotofautiana sana.

Malezi, mlango na nafasi

Tukiitazama mifano hii kwa makini, tunaona mambo matatu ambayo mara nyingi tunayachanganya.

La kwanza ni malezi. Mtoto wa mchezaji hukua na mpira miguuni. Mezani husikia habari za mazoezi, za kulala mapema, za kuvumilia jeraha na kukaa benchi bila kununa. Huonywa juu ya mikataba na mawakala kabla hajasaini chochote. Hakuna dhambi katika hilo. Ni wajibu wa mzazi kumrithisha mwana anachokijua, kama mkulima wetu wa zabibu anavyomfundisha mwanawe kupogoa. Wazee walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Bwana wetu mwenyewe alijulikana kijijini kwake kama mwana wa seremala (Mt 13:55), na Mapokeo yanatufundisha kwamba alijifunza kazi hiyo mikononi mwa Mtakatifu Yosefu.

La pili ni mlango. Victor Wanyama alikwenda Helsingborg nchini Sweden mwaka 2007, klabu aliyokuwapo kaka yake. Jina la nyumbani lilimfungulia mlango ambao kijana wa Zuzu, hata kama ana miguu ileile, asingeuona. Lakini Mariga alihamia Parma mwaka huohuo, na Victor naye hakudumu Helsingborg. Mwaka 2008 alianza upya Beerschot, Ubelgiji, na huko ndiko alikojijenga. Mlango hukuingiza ndani, lakini kudumu humo ni kazi yako mwenyewe.

La tatu ni nafasi yenyewe. Katika kikosi kuna namba kumi na moja tu, na mmoja akiipata mwingine ameikosa. Hapo ndipo haki inapodaiwa. Sir Alex Ferguson alipokuwa kocha wa Manchester United, mwanawe Darren alikuwa mmoja wa wachezaji wake, na alicheza mechi kadhaa katika msimu wa ubingwa wa 1992/93. Januari 1994 Darren aliuzwa Wolverhampton, baba yake akiwa bado kocha.

Basi tuseme wazi: malezi ni baraka, mlango uliofunguliwa ni deni, na nafasi ni haki ya anayeistahili. Kosa huanza pale anayegawa nafasi anapomnyang’anya mwenye kustahili ili ampe mwenye jina.

Kanisa nalo lilijifunza kwa uchungu

Tusidhani kwamba tunawasema wengine. Kwa karne nyingi baadhi ya Mapapa waliwapa ndugu zao ukardinali, mali na vyeo, hasa wapwa zao. Neno la Kilatini nepos, lenye maana ya mpwa au mjukuu, ndilo lililozaa jina la kosa hili katika lugha za Ulaya. Ilikuwa mwaka 1692 tu ambapo Papa Inosenti XII, kwa hati yake Romanum decet Pontificem, alipiga marufuku Mapapa kuwagawia jamaa zao mali na vyeo vya Kanisa.

Lakini historia hiyohiyo inatupa mtu wa kutufikirisha. Mwanzoni mwa mwaka 1560 Papa Pius IV alimfanya mpwa wake, Karoli Boromeo, kuwa kardinali akiwa na umri wa miaka 21, akamkabidhi pia usimamizi wa Jimbo Kuu la Milano. Hakuna namna ya kulificha hilo: alibebwa na mjomba wake. Kaka yake alipofariki mwaka 1562, jamaa walimtaka aache njia ya Kanisa, aoe na kuuendeleza ukoo. Yeye akachagua upadre. Alisaidia kuufikisha mwisho Mtaguso wa Trento mwaka 1563, kisha akaenda kuishi na watu wa jimbo lake, akaanzisha seminari, na tauni ilipoingia Milano mwaka 1576 alibaki pamoja na wagonjwa wakati wenye uwezo wakikimbia. Alifariki mwaka 1584, na mwaka 1610 akatangazwa Mtakatifu. Mbebwa hujikaza, na Karoli alijikaza hadi utakatifu.

Hata hivyo, utakatifu wake hauhalalishi desturi iliyomwingiza. Kwa Karoli mmoja, walikuwapo wapwa wengi waliokula mali ya Kanisa na kusahauliwa. Maandiko hayafichi jambo hili. Mzee Eli alishindwa kuwaondoa wanawe Hofni na Finehasi, ingawa waliidharau sadaka ya Mungu (1 Sam 2:12-36). Samweli, aliyeliona hilo tangu utotoni, naye aliwafanya wanawe kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa na kupotosha haki (1 Sam 8:1-3). Mzazi mwema anaweza kabisa kuwa mwamuzi mbaya wa mwanawe.

Mtakatifu Thoma anasemaje?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba upendeleo wa watu ni dhambi dhidi ya haki ya ugawaji. Mtu akipewa ualimu kwa sababu ana elimu ya kutosha, hakuna upendeleo. Akipewa cheo kwa sababu ni tajiri, au kwa sababu ni ndugu wa mgawaji, huo ndio upendeleo.

Je, ndugu asipewe kitu kamwe? Thoma hasemi hivyo. Kama ndugu anastahili pungufu ya wengine, kumpa ni dhambi. Kama anastahili sawa na wengine, kiongozi wa Kanisa anaweza kumchagua kwa haki, maana huenda akamwamini zaidi katika kazi. Lakini hata hapo, asema Thoma, inafaa kuliacha jambo hilo iwapo litawakwaza watu na kuwafanya wengine waige kugawa mali ya Kanisa kwa ndugu bila kujali stahili. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2433) inataka kazi na taaluma ziwe wazi kwa wote bila ubaguzi usio wa haki.

Pasipo na ubao wa magoli

Uwanja wa mpira una faida moja: hauwezi kuficha kwa muda mrefu. Mtoto wa nahodha asiyejua kupiga pasi ataonekana na maelfu kabla dakika tisini hazijaisha. Katika ofisi, katika shule, katika kamati ya kijiji, hakuna ubao wa magoli. Asiyestahili anaweza kukaa kitini miaka ishirini, na anayeumia ni mgonjwa asiyehudumiwa, mwanafunzi asiyefundishwa, mkulima ambaye faili lake halionekani. Kwa hiyo pasipo na ubao wa magoli, dhamiri inapaswa kuwa kali zaidi.

Hata uwanja wenyewe huhukumu wale tu waliofika uwanjani. Kwa Mané mmoja aliyetoroka akafika Dakar, wako wangapi waliobaki kijijini bila mtu wa kuwatazama? Hiyo ndiyo sehemu ya lalamiko la vijana wetu ambayo hatuna haki ya kuipuuza kwa kuwaambia tu wajitume.

Tufanye nini?

Kwa anayegawa nafasi, awe mwajiri, mwalimu, kocha au kiongozi wa jumuiya: mtoto wako au ndugu yako anapokuwa miongoni mwa waombaji, jiondoe katika uamuzi, na sifa zinazotakiwa zitangazwe kabla ya majina kujulikana. Sisi mapadre nasi tunaombwa barua nyingi za utambulisho. Barua inayosema kweli juu ya mwenendo wa mtu ni ushuhuda. Barua inayotumia kola ya padre kumsukuma asiyestahili ni kumwibia mwingine, naye aliyeibiwa huenda ni muumini wetu.

Kwa mzazi: rithisha kazi, nidhamu na uchaji wa Mungu, kisha mwache mwanao apimwe. Mama wa wana wa Zebedayo aliwaombea wanawe viti vya kulia na kushoto, na Yesu akawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe (Mt 20:20-23). Hakumkaripia mama kwa kuwapenda wanawe. Aliwaonyesha gharama ya kile wanachokiomba.

Kwa kijana mwenye jina la nyumbani: usilionee aibu, wala usilitumie kama kiti. Shamba la zabibu la urithi lisipopogolewa huzaa majani matupu, hata kama babu aliyelipanda alisifika Dodoma nzima. Mlango uliofunguliwa kwako, mfungulie na mwingine.

Kwa kijana asiye na jina: dhuluma uliyoiona ni ya kweli, na unayo haki ya kuisema kwa heshima na kwa wazi. Lakini usiifanye sababu ya kuzika talanta yako (Mt 25:14-30). Na usimhesabu kila mtoto wa fulani kuwa mwizi, kwa maana huo nao ni upendeleo uliogeuzwa upande.

Kuhusu timu yetu, tuliomba kikosi kichaguliwe upya na walimu watatu kutoka vigango vingine, wasio na mtoto hata mmoja katika mchujo. Mtoto wa mzee wa jezi alichaguliwa tena, kwa kuwa kweli anajua kucheza pembeni. Yule aliyeachwa alichaguliwa pia, na aliyetoka hakuwa ndugu wa mtu yeyote. Safari hii hakuna aliyekuja kulalamika, hata aliyetoka, maana alikuwa amepimwa kwa kipimo kilekile mbele ya macho ya wote.

Mtakatifu Karoli Boromeo, uliyebebwa ukajikaza, utuombee.