Vumbi la Risasi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni ile metali nzito, ya kijivu, laini kiasi kwamba ukucha huweza kuikwaruza. Waarabu waliotupa neno hilo nao wanalitumia kwa vyote viwili. Ukisikia fulani kauawa kwa risasi, moja kwa moja unafikiria bunduki. Mimi nataka kuizungumzia ile nyingine, inayoingia mwilini bila mlio, na nitaanzia mahali ambapo zote mbili hukutana juu ya meza moja.

Meza hiyo iko Marekani, kwenye gereji ya nyumba ya kawaida. Huko wako wapenda shabaha wengi ambao hawanunui risasi mpya za bastola kila mara. Huokota maganda waliyokwisha kuyafyatua, wakayapeleka nyumbani na kuyajaza upya. Ganda la shaba ya njano ndilo sehemu ya ghali kuliko zote, na linaweza kutumika tena na tena, kwa hiyo anayepiga risasi mamia kila wiki huona nafuu mfukoni. Wazee wetu walioshindilia gobori wangeielewa kazi hiyo kwa kuitazama tu.

Juu ya meza kuna mashine ya mkono yenye wenzo, kalibu za chuma, mizani ndogo, makopo ya baruti, visanduku vya fataki, vichwa vya risasi, na pembeni pipa dogo linalozungushwa na mota. Mgeni akiingia ataiogopa baruti. Si kosa, kwani baruti inaungua kweli, na mwenye meza mwenyewe anaiheshimu: haleti moto karibu, hachanganyi makopo. Lakini kwa afya ya nyumba nzima, kitu cha kuogopwa zaidi ni lile pipa.

Kazi ya pipa ni kung'arisha maganda machafu. Hutiwa ndani pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya jozi, kisha yakazungushwa kwa saa kadhaa. Uchafu unaotoka humo una asili yake kwenye fataki, ile kofia ndogo ya kitako cha ganda inayogongwa na kuiwasha baruti. Fataki nyingi za leo zina chumvi ya risasi inayoitwa stifnati ya risasi, pamoja na misombo ya bariamu na antimoni. Ikilipuka, risasi iliyomo hugeuka mvuke, kisha hupoa na kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Nyingine humrudia mpigaji usoni na mikononi pamoja na moshi. Nyingine hubaki ndani ya ganda kama masizi. Pipa huyakung'uta masizi hayo hadi kwenye magunzi, na siku mwenye nyumba anapolifungua na kuchekecha maganda yake, vumbi hupaa gereji nzima. Hutua kwenye nywele, kwenye shati, kwenye kikombe cha kahawa kilichoachwa wazi, na kwenye kitasa cha mlango wa jikoni.

Wapo pia wanaosubu vichwa vyao wenyewe kwa kuyeyusha vipande vya risasi kwenye chungu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi, na kwenye joto hilo mvuke wake si mwingi kama watu wanavyodhani. Hatari kubwa imo kwenye ule utando wa kijivu unaoenguliwa juu ya chungu. Ukipoa huwa unga, na unga huo ndio unaosambaa.

Sasa tuingie mwilini, maana hapa ndipo sayansi ilipogundua kitu kinachogusa kila nyumba.

Mwili hauna kazi yoyote na risasi, wala haujui kuitambua. Unaidhania kuwa kalsiamu. Utumbo huipokea kwa njia zilezile unazopokelea kalsiamu ya maziwa na dagaa. Mifupa nayo huichukua na kuiweka akiba. Kwenye ubongo, kalsiamu ndiyo inayoamuru neva moja ipeleke ujumbe kwa nyingine, na risasi ikikaa mahali pake ujumbe huvurugika. Kwenye damu inafanya hila nyingine: kuna kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza rangi nyekundu ya damu, nacho hufanya kazi kwa msaada wa zinki. Risasi huing'oa zinki na kukaa kwenye kiti chake, kimeng'enya kikazimika. Ndiyo maana mtu mwenye risasi nyingi mwilini hupungukiwa damu, huchoka, huumwa tumbo na kichwa, na shinikizo lake la damu hupanda. Kila moja ya dalili hizo ina sababu nyingine mia, kwa hiyo hakuna anayeishuku risasi.

Kiasi chenyewe ni kidogo cha kutisha. Nchini Marekani, tangu 2021, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 kwa kila desilita ya damu huhesabiwa kuwa amezidi wenzake na anahitaji kufuatiliwa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mtoto wa miaka miwili ana damu ya lita moja hivi, kwa hiyo risasi yote iliyomo katika damu yake kwa kipimo hicho ni kama mikrogramu 35. Kichwa kimoja cha bastola ya milimita 9 kilichosubiwa kwa risasi tupu kina uzito wa gramu 8 hivi, yaani mikrogramu milioni nane. Unaweza kupangusa meza kwa kitambaa kikavu, ukaiona safi, na bado ikabaki risasi ya kumdhuru mtoto.

Kipimo hicho hakikufika hapo kwa siku moja. Miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walimwona mtoto salama mpaka afikishe mikrogramu 60. Mwaka 1975 ikawa 30, mwaka 1985 ikawa 25, mwaka 1991 ikawa 10, mwaka 2012 ikawa 5. Kila walipochunguza kwa makini zaidi, waliona madhara chini ya mstari waliouchora. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Nyuma ya kushuka huko kuna watu, na wawili kati yao nawaheshimu sana. Wa kwanza ni Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani aliyekuwa akitafuta umri wa dunia kwa kupima risasi ndani ya vimondo. Hesabu zake zilikataa kutulia, kwa sababu risasi ya nje ilikuwa ikiingia kwenye sampuli kutoka hewani, kwenye vyombo, kwenye nywele zake mwenyewe. Ilimbidi ajenge maabara safi isivyo kawaida. Mwaka 1956 alichapisha umri wa dunia, miaka bilioni 4.55. Angeweza kuishia hapo kwa heshima tele. Badala yake alijiuliza risasi ile yote ilitoka wapi, na jibu lilikuwa petroli iliyotiwa risasi, pamoja na viwanda. Alisema hivyo hadharani mwaka 1965, na wenye viwanda walimpinga vikali.

Wa pili ni Herbert Needleman, daktari wa watoto. Alijua kwamba damu husahau upesi, kwa kuwa nusu ya risasi iliyomo huondoka kwa mwezi mmoja hivi, ilhali jino hukumbuka. Akaomba meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa Chelsea na Somerville, miji ya jirani na Boston, akapata ya watoto zaidi ya elfu mbili. Mwaka 1979 alionyesha kuwa wenye risasi nyingi kwenye meno walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili, na walimu wao, wasiojua matokeo ya meno, waliwaona hawatulii na hawasikilizi. Watoto hao hawakuwa wamelazwa. Hakuna aliyewahi kuwaita wagonjwa.

Wapiga shabaha nao wamepimwa. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 36 za damu ya watu wanaotumia viwanja vya kulengea, na katika 31 kati ya hizo walikutwa watu wenye zaidi ya mikrogramu 10. Kiwandani angalau kuna sheria: mfanyakazi wa Marekani hupimwa, na akizidi huondolewa kwenye kazi hiyo. Gereji haina mkaguzi, na anayefagia sakafu yake huenda ni mke au mtoto.

Kwetu Afrika Mashariki silaha na risasi ziko chini ya leseni, na meza kama ile ni nadra. Vumbi lenyewe ni lilelile. Mvuvi anayesubu chubwi za mshipi wake uani kwa risasi ya betri chakavu yuko kwenye hatari ileile. Vivyo hivyo fundi anayepasua betri za gari, na yeyote anayekwangua rangi ya zamani mlangoni. Mombasa inalijua jambo hili kwa uchungu. Kwenye kijiji cha Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo, alikuja kugundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi katika damu, iliyompata kupitia maziwa yake mwenyewe. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Huko Thiaroye-sur-Mer, nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 katika mtaa ambako watu walichekecha mchanga kutafuta risasi ya betri.

Mtoto ndiye anayeumia kwanza. Anatambaa, anatia vidole mdomoni, na utumbo wake hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya ule wa mtu mzima, hasa akiwa na njaa au upungufu wa chuma na kalsiamu. Hata msichana akikua, mifupa yake inaweza kubaki na risasi kwa miongo. Siku akishika mimba, mwili ukichota kalsiamu mifupani kwa ajili ya mtoto, huchota na risasi.

Kinachosaidia hakina gharama kubwa. Kazi ya risasi isifanyike ndani wala jikoni, na chungu kilichoyeyusha risasi kisirudi kupika uji. Pasifagiwe pakavu, papigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Fundi asile wala kuvuta sigara kazini, anawe mikono na uso kabla ya kugusa chakula, na nguo na viatu vya kazi aviache nje, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mjaza risasi wa Marekani anaweza kuosha maganda kwa maji badala ya kuyazungusha makavu, na fataki zisizo na risasi zipo.

Upimaji unahitaji damu kidogo tu. Ukimpeleka mtoto, taja jina la kipimo: kiwango cha risasi katika damu. Mweleze daktari kazi ya baba, kazi ya mama, na kinachoyeyushwa uani.