Kabla ya Kuilaumu Saundi Kadi

Kufungua studio nyumbani siku hizi hakuhitaji mtaji mkubwa: laptopu, maiki, hedifoni, programu kama FL Studio au Cubase, na kadi ya sauti. Mambo yakiharibika, lawama huiangukia kadi. Prodyuza anasema saundi kadi imekufa, anahangaika kutafuta hela ya nyingine, anaifunga, na mkwaruzo anaukuta palepale. Hitilafu nyingi zinazosingiziwa kadi zinatokana na namna ilivyofungwa na ilivyopangwa, na kila hitilafu ina dalili zake. Ukizijua dalili, nusu ya matengenezo umeshayamaliza.

Kadi ya sauti ina kazi mbili. Inapokea umeme dhaifu wa maiki, inaukuza na kuugeuza kuwa tarakimu zinazoeleweka na kompyuta. Kisha inazichukua tarakimu zinazotoka kwenye kompyuta na kuzirudisha kuwa umeme wa kuendesha spika na hedifoni. Kila laptopu ina kadi yake ya ndani inayotosha kwa kusikiliza muziki na kuongea mtandaoni. Kwa kurekodi haifai, kwa sababu haina tundu la maiki ya studio na imebanana na vifaa vingine vinavyoitia kelele za umeme. Hapo ndipo tunapolazimika kununua ya nje, ile ya kuchomeka kwenye USB.

Malalamiko ya kwanza ni sauti kuchelewa. Mwimbaji anatamka neno, hedifoni inamrudishia baadaye kidogo, naye anaanza kuburuta wimbo ili aendane na mwangwi wake mwenyewe. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, maana yake milisekunde moja ni kama sentimita 34. Mpiga gitaa aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika yake anaisikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 9, na anapiga bila shida. Kwa hiyo milisekunde chache si tatizo. Zikifika 30 au 40, hata mpigaji hodari anapoteza mdundo.

Kuchelewa huko kunatokana hasa na bafa, akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuishughulikia. Bafa inafanya kazi kama daladala. Gari likisubiri lijae, safari ni chache na dereva hachoki, lakini abiria wa kwanza kupanda anachelewa. Likiondoka na abiria wawili watatu, hakuna anayechelewa, ila dereva hapati pumzi, na siku akizidiwa kuna watu watabaki kituoni. Sampuli, yaani zile tarakimu za sauti, zinazobaki kituoni ndizo tunazozisikia kama mkwaruzo au sauti kukatakata.

Hapo utaona kwamba kuchelewa na kukwaruza ni ncha mbili za kipimo kimoja. Ukifanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 128 inachukua milisekunde 2.7, ya 512 inachukua 10.7, na ya 1024 inachukua 21.3. Hiyo ni njia moja tu. Sauti inaingia na kutoka, kwa hiyo zidisha kwa mbili, kisha ongeza muda unaotumiwa na kadi yenyewe na USB. Hakuna namba moja inayofaa kwa kila kazi. Wakati wa kurekodi shuka hadi 128, au 64 kama kompyuta ina nguvu. Wakati wa kumiksi, ambapo hakuna anayeimba na umeshapachika efekti nyingi, panda hadi 1024 na uache mashine ipumue.

Kadi nyingi pia zina kitufe au kirungu cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki, bila kupitia kompyuta. Ukikitumia, zima sauti ya maiki ndani ya programu, la sivyo mwimbaji atajisikia mara mbili.

Kwa watumiaji wa Windows, bafa haitasaidia kama draiva siyo. Njia ya kawaida ya Windows inachanganya sauti za programu zote pamoja, kivinjari na ujumbe vikiwemo, na kuchanganya huko kunakula muda. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, watengenezaji wa Cubase, ilileta ASIO, njia ya mkato kati ya programu ya muziki na kadi. Pakua draiva ya ASIO ya kadi yako kutoka kwa mtengenezaji wake, kisha ichague ndani ya programu. ASIO4ALL, ambayo ni ya bure, inasaidia pale ambapo kadi haina draiva yake, lakini ndani yake bado inategemea draiva za Windows, kwa hiyo usiitangulize mbele ya ile ya mtengenezaji. Wenye Mac hawana shughuli hii, maana mfumo wao wa Core Audio umejengwa humo humo.

Usiamini sana namba ya kuchelewa inayoonyeshwa na programu. Pima mwenyewe. Zima umeme wa volti 48 wa maiki ya kondensa, punguza spika, chukua waya na uunganishe tundu la kutolea sauti la kadi na tundu lake la kuingizia. Weka mlio mfupi kwenye traki moja, urekodi kwenye traki ya pili ambayo umeizima isitoe sauti. Vuta picha ya mawimbi mpaka uone mlio wa kwanza na ule uliorekodiwa, kisha hesabu sampuli zilizo katikati. Zikiwa 480 kwenye mradi wa 48,000, umechelewa milisekunde 10. Programu nyingi zina sehemu ya kuingiza masahihisho hayo, ili kila unachorekodi kikae mahali pake kwenye mdundo.

Ikiwa mkwaruzo haukomi hata bafa ikiwa kubwa, acha kuitazama kadi na uitazame kompyuta. Zima Wi-Fi ujaribu tena, maana draiva ya Wi-Fi ni mtuhumiwa wa mara kwa mara. Ondoa mpangilio wa kubana umeme, hasa ule unaoruhusu Windows kuzima matundu ya USB. Chomeka kadi kwenye laptopu yenyewe badala ya kupitia kigawanyaji kilichobeba kipanya, flashi na feni, na ubadilishe kebo. Programu ya bure iitwayo LatencyMon itakuonyesha draiva ipi inaichelewesha mashine.

Dalili nyingine ni wimbo kusikika mzito na wa polepole, kana kwamba mwimbaji amelewa. Hapo kadi na mradi havikubaliani juu ya idadi ya sampuli. Faili la 48,000 likichezwa kwa 44,100 linashuka karibu nusu toni moja na nusu, na wimbo wa dakika 3 unaongezeka kama sekunde 16. Chagua namba moja na uiweke kila mahali: 44,100 ndiyo ya CD, na 48,000 ndiyo inayotumika kwenye video.

Sauti ikipasuka kwenye maneno makali tu, wala si muda wote, umefungua gein kupita kiasi. Wengi wamezoea kupandisha mpaka taa nyekundu iwake, wakidhani sauti kubwa ndiyo safi. Kwa biti 16 nafasi kati ya kelele na kilele ni kama desibeli 96. Kwa biti 24 inafika 144 kwa hesabu, ingawa hakuna kadi inayoifikia yote. Rekodi kwa biti 24, acha vilele vigote karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na ukubwa utautafuta kwenye miksi. Maiki ya kondensa isipotoa kitu, angalia kama umewasha kitufe cha 48V. Gitaa la umeme likisikika limefifia, limechomekwa kwenye tundu la laini badala ya la ala.

Mvumo wa chini usioisha ni jambo la umeme. Afrika Mashariki umeme wa gridi unaenda kwa hezi 50, na mvumo huo huo ndio unaopenya kwenye nyaya. Chomoa chaja ya laptopu usikilize. Mvumo ukikoma, njia za ardhi za vifaa vyako zimeunda mzunguko. Chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, na utumie nyaya za balansi zenye pete mbili kwenye plagi. Anayekushauri ukate pini ya ardhi ya chaja usimsikilize, kwa kuwa pini hiyo inalinda maisha yako, na mwimbaji ameweka midomo kwenye maiki ya chuma.

Yote hayo yakishindikana, ndipo kadi ishtakiwe, tena kwa ushahidi. Ipeleke kwenye kompyuta nyingine, kwa kebo nyingine, bila kitu kingine chochote kwenye USB. Tatizo likiifuata, kadi ni mbovu na una haki ya kurudi dukani na risiti. Likibaki kwenye kompyuta ya kwanza, hela ya kadi mpya itakufaa zaidi ukiinunulia hedifoni nzuri au mapazia mazito ya chumba cha kurekodia.